Miti: Gofre yenye tumbo, au namna maharage ya Bushi yalivyoingia ndani ya keki ya Wakorea

MITI, Kabare – Kwenye njia panda ya Miti, karibu kilomita 30 kaskazini mwa mji wa Bukavu, kuna kibanda cha mbao chenye meza mbili na benchi tatu. Hapo, kwa franka 500, mtu anapata kitu ambacho watu wa Seoul wanapanga mstari kukinunua wakati wa baridi: keki ya gofre iliyojazwa maharage matamu. Watoto wa hapa wameipa jina lao. Wanaiita “gofre yenye tumbo”.

Tulifika saa moja ya asubuhi. Ukungu ulikuwa ungali juu ya mashamba upande wa Kahuzi, na wanafunzi walikuwa wakipita mbio wakiwa wamejifunika sweta. Miti iko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,500, na asubuhi kama hiyo kitu cha moto mkononi kina thamani mara mbili: kinashibisha, na kinapasha vidole joto.

Mwenye kibanda ni mama wa watoto watano. Ameomba jina lake lisiandikwe. Alikuwa ameinama juu ya mbabula, akigeuza chuma cha gofre kwa kitambaa kilichoungua pembeni. “Kaa kwanza, papa,” akatuambia. “Hii kitu haikulwe na haraka. Maharage ya ndani iko inachoma kuliko chai.”

Alisema kweli. Tulimsikia lakini hatukumtii, na ulimi ulilipa.

Ilianzia kwenye simu ya binti

Mama huyu amekuwa akiuza gofre za kawaida na mandazi kwa miaka mingi. Wazo la kuweka maharage ndani halikutoka kwake. Lilitoka kwa binti yake wa miaka 17, ambaye anafuata michezo ya Wakorea kwenye simu ya kaka yake kila wakati wakipata megabaiti.

Katika mchezo mmoja, anaeleza binti huyo, kijana na msichana wananunua keki zenye umbo la samaki kandokando ya barabara, theluji ikianguka. Wanazivunja, na ndani kunatoka kitu cheusi chenye mvuke. Alidhani ni chokoleti. Akatafuta, akakuta ni maharage.

“Nilimwambia mama, kumbe kule banakula maharage na sukari,” anasema akicheka. “Mama akasema: weye unataka nifukuze wateja?”

Keki hiyo inaitwa bungeoppang. “Bungeo” ni aina ya samaki wa maji baridi, na “ppang” ni mkate, neno ambalo Wakorea walilipata kupitia Wajapani, nao Wajapani walilipata kwa Wareno, kama sisi tulivyopata “meza” kwa Wareno hao hao. Ndani yake hamna samaki hata kidogo. Wakorea wenyewe wana msemo wa kuchekesha kwamba ndani ya bungeoppang huwezi kukuta bungeo.

Hapa Miti utani huo umepata namna yake. Dereva mmoja wa pikipiki aliposikia kwamba keki hii kwa asili yake ni samaki, aliuliza mbele yetu: “Basi mama, wekea sisi sambaza.” Kibanda kizima kikacheka.

Unga wa wengine, maharage ya nyumbani

Ukifuata historia ya keki hii, unakuta kwamba haikuanzia kwenye theluji na mapenzi ya michezo ya simu. Ilianzia kwenye njaa.

Baba yake ni taiyaki ya Japani, keki yenye umbo la samaki wa bahari anayeitwa tai. Duka la Naniwaya la Tokyo lilianza kuiuza mwaka 1909. Samaki tai alikuwa ghali, chakula cha sherehe. Mtu wa kawaida aliweza angalau kumla katika umbo la keki. Kisha Japani ikaitawala Korea, kuanzia mwaka 1910 mpaka 1945, na keki ikavuka bahari pamoja na wakoloni katika miaka ya 1930.

Baadaye ikaja vita ya Korea, 1950 mpaka 1953. Nchi ilibaki majivu. Mchele ulikuwa adimu, lakini unga wa ngano wa msaada kutoka Marekani ulikuwa mwingi na wa bei ndogo. Watu waliopoteza kila kitu walichukua unga huo wa kigeni, wakaweka ndani yake maharage madogo mekundu ambayo babu zao walikuwa wakiyalima tangu zamani, wakapika kwenye chuma kandokando ya barabara. Maharage hayo wanayaita “pat”. Siku ambayo usiku ni mrefu kuliko zote katika mwaka, wanapika uji wake, kwa imani ya wazee kwamba rangi nyekundu inafukuza pepo wabaya.

Mama wa Miti hakuwa anajua habari hii. Tulipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akaonyesha kiloba cha unga kilichokuwa chini ya meza. “Hata huu si wetu,” akasema.

Ni hivyo. Unga wa ngano unaouzwa kwenye masoko ya Kabare unapita mipakani, na sukari vilevile. Kivu ya Kusini ilikuwa na kiwanda chake cha sukari pale Kiliba, karibu na Uvira, lakini vita ya mwaka 1996 ilikisimamisha. Gofre yenyewe ilikuja na Wabelgiji. Chuma cha kwanza cha mama huyu ni cha mama mkwe wake, ambaye katika ujana wake alifanya kazi ya jikoni kwa familia moja ya wazungu upande wa Lwiro, penye kituo cha utafiti cha IRSAC, taasisi ambayo Wabelgiji waliiunda mwaka 1947 na ambayo leo tunaijua kama CRSN.

Maharage ndiyo ya hapa. Katika Mashi yanaitwa bishimbo, na ni vigumu kukuta shamba la Bushi lisilokuwa nayo, yawe ya chini au yale yanayopanda mti. Si mbali na hapa, kituo cha INERA Mulungu kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya mbegu za maharage, yakiwemo yale yenye madini mengi ya chuma. Kwa hiyo, katika keki nzima, kitu pekee ambacho mama huyu anakinunua kwa jirani yake ni kile kilicho tumboni.

“Mama, uko mgonjwa?”

Mwanzo haukuwa mzuri. Alipotoa gofre ya kwanza ya maharage, anasema, wateja walitema.

“Batu balicheka mimi sana. Mzee mmoja akaniuliza: mama, maharage na sukari? Uko mgonjwa? Kwetu maharage ni ya chumvi, mafuta na kitunguu, na bugali pembeni. Nikamwambia: mzee, hata mimi sijazoea.”

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la chuma. Chuma cha zamani cha Wabelgiji ni chembamba; kilitengenezwa kwa gofre bapa. Akiweka maharage katikati, yalikuwa yanatoka pembeni na kuungua. Alikwenda kwa fundi anayeyeyusha aluminiamu ya vipande vya mitambo ya zamani na kutengeneza masufuria, akamwomba atengeneze chuma chenye kina. Binti alitaka umbo la samaki. Fundi alitaja bei ya samaki, kisha bei ya duara. Wakachukua duara.

Kosa la pili lilikuwa la maharage yenyewe. Aliyaponda yakiwa bado na maji mengi, na ganda lilibaki mdomoni kama karatasi. Alichukua wiki tatu kujifunza.

Sasa anafanya hivi. Jioni analoweka maharage madogo mekundu. Asubuhi ya mapema anamwaga maji hayo, anatia maji mapya na kuchemsha. Maji ya mchemko wa kwanza anayamwaga pia, maana ndiyo yenye uchungu. Anachemsha tena mpaka punje ipondeke kati ya vidole viwili. Hapo anaponda kwa mwiko, anapitisha kwenye chujio ili ganda libaki, na kurudisha sufuriani na sukari na chumvi kidogo. Anageuza bila kuacha mpaka uji ule uwe mzito na uanze kuachia chini ya sufuria. Ukipoa unakuwa kama udongo laini ambao mtoto anaweza kufinyanga.

Unga wa nje ni ule ule wa gofre: unga wa ngano, yai, maziwa yakipatikana au maji, mafuta, chumvi, hamira. Chuma kinapashwa moto pande zote mbili na kupakwa mafuta kwa kitambaa. Anamimina unga nusu, anaweka kijiko kimoja cha maharage katikati, anafunika na unga mwingine, anafunga, anageuza. Dakika chache kila upande. Akifungua mapema, keki inapasuka. Akichelewa, makala inakula faida.

Neno hilo la makala analirudia mara nyingi. Kilo ya maharage inahitaji saa nyingi juu ya moto, na makala imepanda bei. Nyingi inatoka upande wa msitu, karibu na Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo tangu mwaka 1997 UNESCO imeiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ili kupunguza, amefanya mpango na jirani anayepika maharage ya kuuza na bugali mchana: wanachemsha sufuria moja kubwa pamoja, kisha wanagawa. Ya jirani yanaenda kwenye chumvi, ya kwake kwenye sukari.

Ladha yake

Tulikula tatu: mbili za maharage, moja ya ndizi.

Ya maharage, kwa nje, ina ukoko mwembamba unaovunjika vizuri, hasa kwenye ukingo ambapo unga ulitoka kidogo na kukauka. Ndani ni laini na nzito. Anayetarajia ladha ya maharage ya mchana ataikosa. Inakaribia zaidi kiazi kitamu kilichochomwa, au ile harufu ya karanga zilizokaangwa. Sukari si nyingi, na hilo ni zuri. Kasoro yake ni ukavu: kijiko kimoja cha mafuta zaidi kwenye maharage kingeisaidia. Bila chai inakwama kooni. Pamoja na chai ya maziwa ni kifungua kinywa kamili, na baada ya mbili hatukusikia njaa mpaka saa saba.

Ya ndizi inapendwa na vijana. Ni tamu kupita kiasi kwa mwandishi huyu, na ndizi ikiwa imeiva sana inatoa maji na kulegeza gofre. Lakini ndiyo inayouzika haraka. Wakorea wana ugomvi kama huo: wazee wanashikilia maharage, vijana wanataka ile yenye krimu ya mayai na maziwa, na kila upande unasema mwingine hajui kula.

Miti mambo yamegeuka. Waliokubali maharage kwanza hawakuwa wazee wala vijana. Walikuwa akina mama wanaopita kwenda soko la Mudaka, ambao walifanya hesabu ya haraka: ndazi moja linapita tumboni kabla ya saa nne, lakini hii inafika mchana. Kisha walianza kununua kwa ajili ya watoto.

Hilo si jambo dogo hapa. Katika eneo hili la afya la Miti-Murhesa, utapiamlo wa watoto si habari mpya. Hospitali ya watoto ya Lwiro imejulikana kwa miongo mingi kwa kutibu watoto waliovimba miguu kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Gofre ya maharage si dawa, na sukari yake si ya kumpa mtoto kila saa. Lakini mtoto anayekwenda shule na maharage tumboni hayuko sawa na yule anayekwenda na chai tupu.

Njia panda bila wasafiri

Tulipouliza juu ya biashara, sauti ya mama ilishuka.

Miti iliishi kwa njia yake. Hapa barabara ya namba 2 inayotoka Bukavu kuelekea Katana, Kalehe na Goma inakutana na ile inayopanda Tshivanga, kwenye lango la hifadhi, na kuendelea Bunyakiri mpaka Walikale na Kisangani. Kilomita chache mbele kuna uwanja wa ndege wa Kavumu. Kila ndege ilimaanisha magari, na kila gari lilimaanisha mtu aliyeondoka nyumbani bila kula. Watalii waliopanda kuona sokwe walisimama pia.

Tarehe 14 mwezi wa pili 2025, wapiganaji wa M23 walichukua uwanja wa Kavumu, na siku mbili baadaye walikuwa katikati ya Bukavu. Ndege za abiria zilikoma. Benki zilifunga milango, na feza ya mkononi ikawa ngumu kuonekana. Waliobaki njiani ni pikipiki, akina mama wenye mizigo, na wanafunzi.

“Zamani mutu wa ndege anaachia mimi elfu tano, anasema chenji baki nayo,” anaeleza. “Leo mutu anakuja na franka mia tatu, anaomba nikate gofre katikati.”

Anakata. Tuliona akifanya hivyo mara mbili asubuhi ile. Nusu ya pili inabaki kwenye sahani mpaka apatikane mwingine mwenye mfuko kama huo, na wale wawili wasiojuana wanakuwa wamekula gofre moja.

Mpaka saa nne alikuwa ameuza 23, tukihesabu na zetu. Tulifanya naye hesabu kwenye kipande cha karatasi. Kinachomaliza feza ni unga, sukari na makala, kwa mpangilio huo. Maharage yanafuata mbali, ingawa kabla ya mavuno nayo yanapanda. Ndiyo maana amebadilisha kipimo: unga kidogo zaidi nje umepungua, maharage ndani yameongezeka. Gofre imekuwa nzito zaidi, na gharama imeshuka kidogo.

Korea mambo yanakwenda kinyume. Huko maharage mekundu ndiyo yamepanda bei, na wauzaji wa barabarani wamepungua mpaka vijana wametengeneza programu ya simu ya kuonyesha nani bado anauza na wapi. Zamani noti moja ya won 1,000 ilinunua keki tatu au zaidi. Sasa mahali pengi Seoul inanunua moja. Nchi iliyokuwa inaishi kwa unga wa msaada leo ni tajiri, na keki ya masikini imekuwa kitu cha kutafuta kwa ramani.

Binti alisikiliza hesabu hiyo ya won akiwa anaosha vikombe. “Basi sisi tuko na bahati ya maharage,” akasema.

Mama yake hakukubali wala kukataa. Wiki hii ana feza za kitu kimoja kati ya viwili: kiloba kipya cha unga, au kipande cha pili cha malipo ya shule ya binti huyo huyo. Bila unga hakuna biashara ya wiki ijayo. Bila malipo, binti atarudishwa nyumbani. Alikuwa ameamua kununua nusu ya kiloba kwa rejareja, ambayo ni ghali zaidi kwa kilo, na kupeleka kinachobaki shuleni akiomba wamvumilie.

“Nitaweka maharage mingi zaidi,” akasema. “Tumbo itakuwa kubwa.”

Kwa anayepita Miti

Kibanda kinafunguliwa kabla ya saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, siku zote isipokuwa siku ya Mungu, na maharage yakiisha kinafungwa, mara nyingi kabla ya saa sita. Gofre ya kawaida ni franka 300. Ya maharage au ndizi ni 500. Chai ni mbali. Uende na noti ndogo, maana chenji ni shida, na noti iliyopasuka haipokelewi.

Tulichukua nne za kupelekea wenzetu Bukavu, zimefungwa ndani ya karatasi ya daftari. Tulipofika Mudaka zilikuwa za uvuguvugu. Tulipofika mjini ukoko ulikuwa umelegea, na wenzetu walikula kwa adabu tu, wakiuliza kwa nini tulisifu sana. Hii ni keki ya kuliwa pale pale, mbele ya mbabula, na ulimi ukiwa umeonywa.